Sahihi ya Guérande

Picha ilikuwa imekauka wiki mbili nzima, lakini asubuhi ile Anselme Fourcade alipoigusa pembeni, kidole chake kilitoka na rangi mbichi. Sahihi yake ilikuwa imefutika. Mahali pake paliandikwa T. Guérande.

Akafuta, akaandika jina lake upya. Hakushtuka. Miaka sita majaji wa maonyesho makuu ya Paris walikuwa wakimrudishia picha zake, na mtu aliyekataliwa mara sita huwa ameishiwa mshtuko. Mwaka huu akikataliwa tena, baba mkwe alishasema: arudi Limoges akapambe sahani kiwandani.

"Kitambaa hiki ulichochorea umekitoa wapi?" mkewe, Léontine, aliyekuwa ameliona jina lile, aliuliza kwa kunong'ona.

"Kwa muuza vikuukuu. Kilikuwa na sura ya mtu, nikaikwangua."

"Na nyuma yake?"

Anselme akaendelea kuosha brashi. Nyuma kulikuwa na mhuri wa herufi R, alama ya picha zilizokataliwa. Aliuficha kwa kubandika kitambaa kingine juu yake, kama wafanyavyo wachoraji wote wa mtaa ule, maana nani anataka majaji waione aibu?

"Mume wangu, Thibaut Guérande ndiye yule aliyejitosa mtoni walipomkataa. Umemfungia humo ndani! Ichome."

"Nichome? Kesho kutwa ndiyo mwisho wa kupokea picha!"

Aliipeleka. Ikakubaliwa.

Siku ya kupaka vanishi, wachoraji na jamaa zao walipoingia ukumbini kabla ya umma kufunguliwa milango, aliikuta imetundikwa usawa wa macho, mahali alipopaota miaka yote, ikinuka maji ya mto, na chini yake jina ni lile lile la marehemu, akachovya brashi aandike lake, lakini mkono ulikuwa umekufa ganzi mpaka begani, ukaenda wenyewe, ukakoleza herufi moja baada ya nyingine kwa mwandiko mzuri asioujua, naye akiutazama tu kama mkono wa jirani.

Watu wakamzunguka.

"Hongera, Guérande! Ulijificha wapi, mwenzetu?"

"Mimi ni Fourcade."

Wakacheka.

Akamwona Léontine akipenya kati ya watu, akafarijika kidogo. Léontine akaushika ule mkono, akatabasamu kwa fahari.

"Twende nyumbani, Thibaut."