Sauti ya Mama Kwenye Diski

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua sare, akala, kisha akamchukua mdogo wake kwa jirani. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo wake usiochoka. Jioni alikaa barazani na baba yake, fundi viatu, akimpa nyuzi na misumari huku akimsimulia habari za darasa zima, hata zisizomhusu.

Mama yao alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita. Alikuwa mpiga chapa katika duka la kutoa nakala, na wakati wa mapumziko alijirekodi kwenye kompyuta akisimulia hadithi, ili wanawe wazisikilize siku watakapopata kompyuta yao. Baada ya msiba, mwenye duka alimletea baba diski ya kompyuta ile, kichuma bapa kinachoenea kiganjani.

"Sauti yake imo humu," alisema.

Mdogo wake Chiriku aliachwa akiwa na mwaka mmoja na nusu. Hakuikumbuka sauti hiyo hata kidogo.

Fundi wa kompyuta, waliyemwita Fundi Miwani, alijitolea kuwafungulia diski dukani kwake na kuwatolea nakala. Baba alikataa. "Mke wangu simsikilizi sokoni kwenye kelele. Tutamsikiliza nyumbani, sisi watatu."

Wakaanza kuunda kompyuta yao kwa vipande vilivyotumika. Mwezi huu kasha lililobonyea ubavuni, mwezi ujao bodi ya kuunganishia vipande, kisha kioo chenye mstari katikati. "Bandu bandu huisha gogo," baba alisema kila kipande kilipoingia ndani. Mwishowe kikabaki kisanduku cha umeme tu, kile kinachogawa umeme kwa vipande vyote.

"Hapo usifanye ubahili," Fundi Miwani alionya. "Kipime mkononi. Kikiwa chepesi ni hafifu, kiache."

Jumamosi baba alimpa Chiriku pesa, akamtuma. Kwenye kibanda cha vipande vilivyotumika, Chiriku alipima kisanduku kizito, akakiridhia. Kisha akaona feni ndogo ya kompyuta yenye taa za rangi, kama ile aliyoiona kwa rafiki yake. Akaitamani. Pesa hazikutosha vyote viwili. Akachukua kisanduku chepesi pamoja na feni.

"Ndicho alichosema fundi?" baba aliuliza.

"Ndicho, Baba. Na feni nimepewa bure."

Baba akacheka. "Kumbe mdomo wako una faida!"

Siku ya pili waliunganisha nyaya kama fundi alivyowafundisha, wakaweka na diski ya mama. Baba alivaa shati safi kana kwamba anapokea mgeni. Akawasha. Feni ikazunguka, nyekundu, buluu, kijani, na mdogo akapiga makofi. Mara pa! Moshi ukatoka, na harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumbani. Baba alichomoa waya, akajaribu tena kwa umeme wa jirani. Kompyuta ilikuwa kimya.

"Ni mimi," baba alisema, akiitazama mikono yake iliyojaa gundi. "Nimekosea waya. Mikono ya kushona viatu ilijitia ujuzi. Mama yenu nimempoteza mara ya pili."

Siku tatu Chiriku alikaa kimya nyumbani. Aliona uchungu sana, na uchungu huo uliongezeka kila alipomwona baba amekaa na kiatu mapajani bila kukishona. Siku ya nne alishindwa.

"Baba, nisamehe. Hukukosea waya. Nilinunua kisanduku chepesi ili nipate feni. Nilikudanganya." Akalia kwa kwikwi.

Baba hakumpiga wala hakumgombeza. Alisimama, akaichukua diski, akamshika mkono. "Twende ukamwambie fundi hivyo hivyo."

Fundi Miwani alimsikiliza, akasonya. "Sasa najua pa kutafuta. Kilichoungua ni kibao cha nje cha diski, kinachopokea umeme. Bila kujua hivyo ningeifungua ndani, na hapo ningemaliza kila kitu."

Alitafuta diski mbovu ya aina ile ile, akahamishia kibao chake kwenye diski ya mama. Kazi ilichukua wiki mbili. Hadithi zote zilikuwa zimeharibika. Rekodi moja tu ilifunguka. Safari hii baba hakukataa nakala. Fundi alitoa tatu, akawapa na kisanduku kizito kikuukuu, na baba akamlipa kwa kushona viatu.

Nyumbani wakakaa mbele ya kompyuta. Baba akabonyeza.

"Moja, mbili, tatu. Inasikika?" Mama akacheka kidogo. "Ngoja kwanza, sijaanza."

Basi, ikaishia hapo. Baba alifuta machozi kwa kiganja.

"Mwanangu, uongo wako umetugharimu, na ukaidi wangu pia. Hadithi zile hazirudi. Lakini ungezidi kunyamaza, hata hiki kidogo tusingekipata. Ukikosea, sema mapema, kungali na kitu cha kuokoa."

"Nimesikia, Baba," Chiriku alijibu kwa sauti ndogo.

Mdogo wake hakuwasikiliza. Alikuwa amekunja miguu mbele ya spika, ametulia tuli.

"Ataanza lini?" akauliza.