Arobaini Yangu Katika Nyumba ya Dada

Nina miaka ishirini na mitatu, nimeolewa, naishi hapa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, na sina mtoto. Nilikuwa naye kwa siku thelathini na sita... Wasomaji wenzangu, siku hizo nilizihesabu moja moja, na kuhesabu huko ndiko kulikonimaliza.

Mume wangu hupima pamba ya wakulima kwa Wabelgiji. Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, paa la nyasi, nami sikuwa na neno nayo. Lakini dada yangu Salima, baba mmoja mama mmoja, alikuwa na nyumba ya matofali kule bondeni, karibu na mashamba ya mpunga. Saruji chini, mabati juu! Wanawake walipita wakigeuza shingo.

Mimba yangu ilipofika miezi minane, Salima akaja na tabasamu lake, bintiye Zaituni mgongoni. "We mudogo wangu, utazalia mu nyumba ya matope? Ingia mu ya kwangu, mi nitakaa mu ya kwako." Nilipiga magoti nikamshukuru huku nalia. Mtaa mzima ulimsifu. Nani asiyetaka dada kama huyo?

Nilipohamia, chumba kilikuwa cheupe pe, chokaa bado inanukia. Nikasema moyoni, masikini dada yangu, hata chokaa amenipakia! Nyumba njema si mlango, wahenga walisema, lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa na furaha?

Nikajifungua mtoto wa kiume, Ramadhani. Kwetu sisi Waislamu wa ziwani, mzazi hukaa ndani siku arobaini. Madirisha hufungwa ili upepo usimpige mtoto, na maji ya kumkanda mama huchemka humo humo. Nje mvua haikatiki. Baada ya wiki mbili chokaa ikaanza kubanduka, na chini yake... weusi! Ukungu mweusi wenye manyoya, kutoka sakafuni hadi usawa wa kitanda. Nilifuta kwa kitambaa. Kesho yake umerudi. Hata nguo za mtoto zilinuka kama unga ulioharibika.

Kifua changu kikaanza kubana. Kisha cha Ramadhani. Kwanza kilikuwa kikohozi kidogo tu, halafu mbavu zake zikawa zinabonyea kila akivuta pumzi.

Jirani yetu, mama wa Kibembe anayesuka mikeka, alikuja kumwona mtoto. Aliutazama ukuta kabla ya mtoto. "Hii chumba inatoka jasho," akasema. "Hata mukeka inaoza humu, na mutoto je? Mumutoe!" Nilimfukuza! Nilimwita mwenye jicho baya, nikamtukana mbele ya watu. Kumbe siku ile ni yeye peke yake aliyenitakia mema.

Hata hivyo maneno yake hayakunitoka. Siku ya thelathini nikamtumia dada habari kwamba nataka kurudi kwangu. Alikuja mbio. "Ungojee arobaini iishe," akaniambia. "Ukitoka mbele ya siku, bantu batasema hatukufunzwa." Mume wangu naye akasema mambo ya uzazi ni ya wanawake. Nikatii... Kwa nini nilitii?

Siku ya thelathini na sita midomo ya mtoto ikageuka rangi. Nilifunga kitenge nikakimbia naye hadi dispansari. Muuguzi alimsikiliza kifua, akaniuliza tunalala wapi. Nilipomwambia, akashika kichwa. "Ile nyumba ya matofali kule chini? Lakini niliambia mwenye nyumba atoe mutoto wake mule! Nilimuambia ni ule ukuta unamuziba pumzi!"

Ramadhani alikata roho mchana huohuo, mikononi mwangu.

Mtoto wa mwenye nyumba... Yaani Zaituni, binti wa dada yangu! Alikuwa amekohoa humo msimu mzima wa mvua, akapona alipoanza kulala katika nyumba yangu ya udongo.

Msibani Salima alilia kuliko mimi. Nilimvuta kando nikamuuliza kama alijua. Akasema bila kuinua macho: "Zaituni alikuwa anakufa. Wako alikuwa bado mu tumbo."

Kikulacho ki nguoni mwako! Angeniambia ukweli tungebanana sote katika nyumba ile ya udongo, nani angekataa? Badala yake alishika brashi, akaufunika ukungu ule kwa mkono wake, akaniacha nimshukuru!

Wazazi wenzangu, ukuta ukitoka jasho, msiupake chokaa, ukimbieni. Fungueni madirisha. Arobaini ni heshima yetu, nami siidharau, lakini mtoto akikosa pumzi, tokeni hata siku ya tatu! Na mtu akikupa kizuri chake ghafla, muulize kwa nini anakiacha.

Zaituni ana miaka minne sasa. Hajui lolote. Akiniona hukimbia, "Mama mudogo! Mama mudogo!", hadi nimbebe. Nikisikia pumzi yake shingoni mwangu, safi, bila kukoroma hata kidogo... nashindwa kumpenda, na nashindwa kumweka chini.