Mkate wa Safu ya Nyuma

Alhamisi ile, jua likielekea milimani, Kanykei alikifunika kichanga chake blanketi, akamshika mkono Saykal, binti yake wa miaka minne, akaenda kwa dada yake kujaribu gari alilotaka kumuuzia. Baridi ya mji wao wa Karakol ilikuwa njiani. Mwaka uliopita alingoja basi la zahanati kwenye theluji hadi machozi yakamgandia shavuni, na safari hii watoto walikuwa wawili.

Dada Burul alimpokea langoni. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Enzi zile, mkate ukibaki mmoja, Burul alikuwa akisema ameshiba. Hata leo, kichanga kilipopiga chafya, alivua shali yake ya sufu akakifunika nayo.

"Haya, likague," alisema. "Usinionee haya. Kagua kama unauziwa na adui yako."

Kanykei akacheka. Akakagua. Gari halikuwa kubwa la kutisha wala dogo la kubana. Tumbo lake lilikuwa juu, la kuvuka theluji. Hita ilipuliza joto upesi. Kiti cha mtoto kilinasa mara moja, hakikutikisika. Akafungua buti, akaingiza kigari cha kusukumia mtoto alichokuja nacho, pakabaki nafasi ya gunia la viazi.

"Buti hili, mumeo akikukorofisha unamlaza humo," alisema Burul.

"Marat? Miguu itaning'inia nje!"

Walicheka. Lakini Burul alikuwa amesimama mbali na gari.

Safu ya tatu ilikuwa na viti viwili. Mikanda yake ilikuwa imefungwa, kana kwamba watu wamekaa. Kanykei akaifungua, akajaribu kuvilaza. Havikulala. Akasukuma kwa goti. Vilikuwa vizito... na vilikuwa vimelowa.

"Vimekwama," alisema Burul haraka. "Viache."

Wakaondoka. Kanykei alishika usukani, Burul kando yake, watoto safu ya kati. Mara ikaja harufu ya mafuta ya kukaangia.

"Leo Alhamisi," alisema Burul. "Watu wanawakaangia marehemu wao, harufu iwafikie."

Kweli. Hata Kanykei alikuwa ameacha unga umeumuka nyumbani. Lakini nyumba ya mwisho ikapita, wakabaki na mashamba matupu, na harufu ikazidi. Chini yake kulikuwa na nyingine. Sufu iliyolowa. Tope la mto...

Klik.

"Saykal, unachezea mkanda?"

"Si mimi, mama."

Klik.

Kanykei akatazama kioo. Mikanda ya safu ya nyuma ilikuwa imefungwa tena. Imekaza.

"Simama hapa," Burul alinong'ona. Akatoa mkate mzima kwenye mkoba. "Gari haliingii kwenye familia bila mkate. Mega, uwaalike wote waliomo."

"Wote nani, dada? Si ni sisi tu?"

"Sema tu, mwanangu. Ndiyo desturi."

Kanykei hakuwahi kuubishia mkono uliomlisha. Akamega. "Wote mliomo humu, karibuni. Onjeni mkate wetu."

Saykal aliomba vipande vitatu, akapewa. Kimoja akakitia mdomoni. Viwili akavipeleka nyuma kwa mikono yote miwili, kama alivyofundishwa kuwapa wakubwa.

Mikono ikarudi mitupu.

"Saykal... umempa nani?"

"Mama wa nyuma, na mtoto wake. Amesema asante. Nguo zao zinachuruzika."

Burul akafungua mlango, akashuka. Alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Kisha akaanza kulia.

"Nisamehe. Wakati theluji inayeyuka, gari hili lilitumbukia mtoni. Aliyeniuzia hakunieleza. Naye alinipa mkate, akaniambia nialike."

"Dada..."

"Mgeni aliyeonja mkate hafukuzwi. Humfuata aliyemkaribisha, mpaka mwingine amege na kumwalika. Mwanangu wa mwisho ameanza kukohoa maji, Kanykei. Maji ya mto!"

"Kwa nini mimi?"

Burul alifuta pua kwa kiganja, kama alivyofanya siku walipomzika mama.

"Mwingine angekataa. Wewe hujawahi kunikatalia kitu."

Akageuka, akakata shambani kuelekea kwake. Hakutazama nyuma.

Kanykei aliliacha gari palepale, ufunguo na kigari cha mtoto ndani. Alikibeba kichanga, nusu ya mkate mkononi. Hakuthubutu kuutupa, mkate hautupwi chini. Saykal alimfuata, ameshika sketi yake kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umenyooshwa pembeni, vidole vimekunjwa, kama umeshika mkono wa mtu.

Karibu na nyumbani walikutana na Perizat, bi harusi mpya wa jirani, akitoka kuteka maji. Siku Kanykei alipojifungua, Perizat ndiye aliyemfulia nepi bila kuombwa.

"Dada Kanykei! Gari liko wapi, limekushinda?" Akaweka ndoo chini. "Maskini, mikono imekujaa. Lete mkate nimege mimi, tule sote tuliopo."

Ndani ya shali ya Burul, kichanga kilikohoa.

Kikohozi cha maji.

Kanykei akamtazama mtoto. Akautazama mkono wa Perizat, uliochubuliwa na sabuni ya nguo za watu wengine. Si lazima aseme kitu. Anyooshe tu mkono... Sasa alimwelewa dada yake, na kumwelewa kukamuuma kuliko kudanganywa.

Akauficha mkate nyuma ya mgongo.

"Umeota ukungu," alisema.

Tabasamu la Perizat likafifia. Katika mji ule, kumnyima mtu mkate ni kumtukana. Akachukua ndoo yake, akaondoka.

Kanykei alibaki amesimama, mkono nyuma, machozi yakimtoka.

Na huko nyuma, taratibu, vidole vidogo vya baridi, vinavyochuruzika maji, vikamega kipande.