Uani kwa Bi Wahiba

Mwalimu Kamugisha alifunga kamera nyumbani kwake Chamazi baada ya kuibiwa pampu ya maji. Ilikuwa pampu ya pili mwaka huo, kwa hiyo hakuna wa kumlaumu kwa kutaka kamera. Aliielekeza kwenye ukuta wa nyuma, ambako wezi walikuwa wakipita. Upande wa pili wa ukuta huo ni uani kwa Bi Wahiba. Hilo hakulifikiria hata kidogo.

Bi Wahiba alikuwa kwenye eda. Mumewe, Mzee Hilal, muuza vitambaa, alikuwa amefariki. Kwa miezi minne na siku kumi, mjane hukaa ndani, wala haonwi na mwanamume asiye ndugu yake wa karibu. Uani ndipo mahali pekee alipopata hewa. Alifua pale, aliosha nywele pale, akakaa juani mpaka zikauke. Hata siku za kawaida alifunika uso kila alipotoka. Mwalimu alikuwa jirani yake kwa miaka sita na hakuijua sura yake.

Jumatano moja saa kumi alasiri, mwizi alipita juu ya ukuta. Kamera ikamnasa. Mwalimu akaituma video kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, lenye watu mia tatu. Akaandika: "Anayemjua huyu atuambie." Kufikia Ijumaa, mwizi alikuwa amekamatwa. Watu walimsifu mwalimu, naye akavimba kichwa kidogo.

Jumamosi akaja Khulud, binti wa Bi Wahiba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Khulud. Mama hajambo?"

"Tangu jana hajala. Mwalimu, ile video uliiangalia vizuri?"

"Niliiangalia. Si ndiyo iliyomkamatisha mwizi?"

"Iangalie tena."

Akaitafuta kwenye simu, akaiangalia. Mwizi anapita juu ya ukuta. Chini yake, mwanamke ameinamia beseni, anaosha nywele. Kisha anainuka, kanga kifuani, mabega wazi. Sura yake inaonekana vizuri kuliko ya mwizi.

Mwalimu akakaa kwenye ngazi ya mlango.

"Mie nilimtazama mwizi tu," alisema.

"Watu mia tatu hawakumtazama mwizi tu. Shangazi kaipata Tanga. Mama ananiuliza, baba angesema nini?"

Mchana huo mwalimu alimwita Bupe, fundi wa kamera. Bupe alipanda ngazi, akatazama kamera inakoelekea, akashuka.

"Nani alikufungia hii?"

"Nilifunga mwenyewe."

"Inaonekana. Mwalimu, kamera yako ilinde kwako. Langoni na kwenye pampu, basi. Uani kwa watu hapakuhusu. Na kama kuna kona huwezi kuikwepa, kwenye mipangilio unapaziba, haparekodiwi."

"Na video ya mwizi nifanyeje?"

"Unaipeleka polisi, au serikali ya mtaa. Huimwagi kwenye kundi. Taarifa binafsi zina sheria yake siku hizi, na sura ya mtu ni taarifa yake. Weka na kibao, watu wajue wanarekodiwa. Rekodi zisizo na kazi zifute."

"Na hii iliyokwishatoka?"

Bupe alikuwa anakunja waya. "Kwenye simu yako utaifuta. Kwenye kundi, mwombe msimamizi. Huko ilikosambaa, hakuna fundi wa hiyo kazi."

Waliigeuza kamera siku hiyohiyo. Mwalimu akaandika kwenye kundi, akawaomba watu waifute ile video. Wengine walijibu kwamba wameifuta. Mmoja akauliza, "Video ipi? Mie sikuiona, itume tena." Mwalimu alikasirika, kisha akaona haya, kwa sababu aliyeanza kuituma ni yeye.

Alizunguka na Bupe mtaani, nyumba kwa nyumba. Kamera saba ziligeuzwa. Mwezi uliofuata gesi ya jirani iliibwa, na video ikapelekwa polisi tu. Mwizi alipatikana, na hakuna mama wa mtu aliyeonyeshwa. Hayo ni mazuri, na nayasema kama yalivyo.

Eda ikaisha. Asubuhi hiyo mwalimu alimkuta Bi Wahiba akitoka langoni kwake kwenda sokoni, amejifunika uso, kikapu mkononi.

"Shikamoo, Bi Wahiba. Nimekukosea sana. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Ile video uliiangalia mara ngapi?"

Angeweza kudanganya. "Mara mbili," alisema.

"Nimekuuliza wewe kwa sababu nakujua. Hao wengine siwajui. Kila mwanamume nitakayekutana naye sokoni, nitajiuliza kama aliiona."

Aliitazama barabara. Kisha akafungua lango, akarudi ndani na kikapu kitupu.