Fundi Habadilishi Viwili

Studio ya picha ilikuwa imejaa watu mpaka mlangoni, na kompyuta ilikuwa imegoma. Wanafunzi waliotaka picha za vitambulisho walibanana ukutani, mama mmoja alikuwa akimpepea mtoto kwa bahasha, na mpiga picha, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililokunjwa mikono, alikuwa amepiga magoti chini ya meza akilisemesha sanduku la kompyuta kama mtu anayembembeleza mkwe aliyesusa.

"Waka basi. Waka leo tu, kesho ususe utakavyo."

Katika foleni ile alisimama dada mmoja mwenye suruali ya mifuko mingi na blauzi ya rangi ya haradali. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kompyuta, lakini siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Alikuja kupigwa picha, si kushika bisibisi. Alijitahidi kutazama pembeni, ila mashine ilikuwa ikilia pi, pi, pi, na uvumilivu wake haukufika mbali.

"Kaka, umebadilisha nini mpaka sasa?"

"Kila kitu!" kijana akajibu kwa fahari. "Waya nimebadilisha, soketi nimehama, memori nimechomoa nikaigeuza, hata kile kibetri cha ndani nimekitoa nikakirudisha."

"Vyote kwa mpigo?"

"Kwa mpigo. Nilitaka kumaliza mambo."

"Basi hata ikiwaka hutajua kilichoiponya, na isipowaka hutajua ulichoharibu. Sogea."

Alisogea. Fundi akarudisha kila kitu kilivyokuwa, kisha akaanza upya, kimoja baada ya kingine. Feni ilizunguka, kwa hiyo umeme ulikuwa unafika. Skrini ilibaki nyeusi na ule mlio uliendelea, kwa hiyo akaishuku memori. Akachomoa kile kipande chembamba, akaazima raba ya kufutia kwa mwanafunzi, akasugua meno ya kipande hicho mpaka yakang'aa, akakikandamiza mahali pake kikalia tak. Alipobonyeza swichi, skrini iliwaka na foleni nzima ikapiga makofi.

"Wewe ni daktari," kijana alisema.

"Mimi ni fundi. Na nilikuwa nyuma ya yule mama, kwa hiyo usinipitishe mbele."

Alimpitisha mbele hivyohivyo. Akamkalisha kwenye kigoda, akaweka sawa taa, akarudi nyuma ya kamera.

"Inua kidevu. Kidogo tu. Umezidisha sasa, unamtafuta nani huko darini?"

Fundi akacheka na picha ikaharibika. Ikabidi irudiwe. Ikaharibika tena, mpaka yule mama mwenye mtoto akauliza kwa sauti kama hapo ni studio au ni harusini. Kijana akaomba namba ya simu, kwa ajili ya kompyuta, alisema, na fundi akampa huku akijua wazi kwamba kompyuta haikuwa na neno.

Simu zikaanza.

"Fundi, kuna mashine hapa ina homa."

"Dalili zake?"

"Haili, hailali, inauliza utakuja lini."

"Izime, uiache ipoe."

"Nimeizima, mpenzi. Inauliza ikiwa imezimwa."

"Kidevu, nina kazi mimi." Kidevu ndilo jina alilompa. Alikata simu akitabasamu peke yake mbele ya mteja, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache, Kidevu alikuwa na maneno ya kutosha watu wawili. Alimpenda. Hilo halina haja ya kuzungushwa.

Lakini alikuwa ameshaumwa na nyoka wa namna hiyo. Mchumba wake wa zamani alimposa wiki ileile bwana huyo alipopandishwa cheo kazini. Cheo kilipoondoka, bwana naye aliondoka, na mpaka leo fundi hakujua kama alipendwa yeye au alikuwa sehemu tu ya furaha ya cheo. Habari hiyo hakuwahi kumwambia Kidevu.

Jumamosi moja walikutana kwenye mgahawa wa ghorofani. Fundi alivaa gauni la bluu, dada yake akiwa amemlazimisha. Kidevu alikuja na koti jipya la kijivu ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani, akakaa, na kabla chai haijafika akaanza.

"Nimeacha kazi kwenye studio ya mjomba. Nimepata chumba karibu na duka la dawa, nafungua studio yangu mwenyewe. Na nataka nikuoe."

Fundi akahesabu kwa vidole.

"Vyote leo?"

"Vyote leo, mpenzi. Nikiamua nimeamua."

"Siwezi kukujibu."

"Kwa nini?"

"Umebadilisha viwili kwa mpigo. Fungua studio kwanza, halafu uniulize tena."

Aliyasema kwa sauti anayotumia karakanani, sauti isiyo na sukari. Moyoni alikuwa na hofu, ila hilo halikuonekana usoni. Alichosikia Kidevu ni kitu kingine kabisa.

"Yaani niwe na kitu mkononi ndipo nifae."

"Sikusema hivyo."

"Umesema vizuri sana. Nimekuelewa."

Akainuka, akaacha chai yake iliyofika punde inafuka moshi mezani. Fundi hakumfuata. Alikaa pale na gauni lake la bluu mpaka vikombe vyote viwili vikapoa.

Simu zikakatika. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye, alivumilia kimya hicho kwa siku kadhaa kisha uzalendo ukamshinda.

"Mpigie mwenzio."

"Yeye ndiye aliyenuna."

"Umemfungua nati zote mbele ya watu, ulitaka acheke? Mwambie unachoogopa. Mtu hapimwi kwa bisibisi."

Fundi hakupiga. Usiku alikuwa akiishika simu, akaitazama, akairudisha chini ya mto. Aliona aibu, na aibu ikiingiliana na kiburi hakuna fundi wa kuzitenganisha.

Asubuhi moja, akiwa nyumbani anajiandaa kwenda kazini, jina la Kidevu likatokea kwenye simu.

"Habari za kazi, fundi. Nakupigia kama mteja."

"Karibu, mteja."

"Leo nafungua studio. Watu wako mlangoni na kompyuta haiwaki."

"Feni inazunguka?"

"Haizunguki. Hakuna taa, hakuna mlio."

"Umebadilisha nini?"

"Kimoja kimoja. Nimechomeka taa ya mezani kwenye soketi, imewaka. Nikairudisha. Ule waya nimeuhamishia kwenye skrini, skrini imewaka. Nikaurudisha."

Fundi akaweka kitana chini. Mtu huyu alikuwa amemkasirikia, na bado alikuwa ameshika kila neno lake.

"Inama unuse nyuma, kwenye feni."

Ikasikika pumzi ikivutwa, kisha chafya.

"Inanuka plastiki iliyoungua."

"Basi pawa saplai imekufa, kile kisanduku kinachogawa umeme humo ndani. Mpaka ipatikane nyingine. Pole, Kidevu. Leo hufungui."

Alimsikia akiwatangazia watu, akiomba radhi, mmoja akifoka kwamba amepotezewa muda. Kisha mlango ukafungwa.

"Haya," Kidevu akarudi kwenye simu. "Kwa mjomba sina kazi, na studio ndiyo hii. Ulikuwa na haki ya kunikataa."

"Nilikukataa lini?"

"Pale mgahawani. Ulitaka mwanamume mwenye kitu."

"Nisikilize." Fundi akakaa kitandani. "Kuna mtu aliniposa siku alizopata cheo. Cheo kilipokwisha, nami nikaisha. Nilipokuona na koti lako jipya, una furaha ya studio, niliogopa umenijumlisha humohumo. Niliogopa siku studio ikianguka utaniona mimi ndiye mkosi."

"Mbona hukuniambia hivyo?"

"Sikujua kuyasema. Mimi najua mambo ya waya."

Kidevu alisikika akikaa sakafuni.

"Basi studio imeanguka," alisema. "Imeanguka kabla haijasimama. Nimekaa sakafuni, nimetukanwa, na mjomba atanicheka mpaka mwaka uishe. Na bado nakutaka wewe. Ungekuwa hapa ningekuuliza tena."

"Niulize."

"Kwa simu?"

"Kwa simu. Sasa hivi."

Akamsikia akisimama, akijikung'uta vumbi, kana kwamba anaonekana.

"Nikuoe?"

"Nioe."

Upande wa pili zikasikika hatua za mbio. Kisha mlango wa studio ukafunguliwa kwa kishindo, na sauti ya Kidevu ikawakimbilia wateja waliokuwa hawajafika mbali:

"Jamani, rudini! Picha hakuna, lakini rudini!"