Pumzi Ndani ya Vazi la Nahodha

Watu wa Kadutu wanamjua Bibiane, fundi cherehani. Yaliyompata yalitokea Jumamosi moja ya mwaka 2001, saa nne asubuhi, jua likiwaka juu ya Bukavu.

Siku hiyo alikwenda ukumbi wa parokia kutazama maonyesho. Vilipangwa vitu vilivyotumika kutengeneza mchezo mmoja wa televisheni kuhusu Wakongo waliohamia mwezini: vyombo vya angani vya makopo ya sadini, michoro, picha za waigizaji wakicheka. Mavazi yote alishona yeye. Mumewe, Venant, aliigiza nahodha, mpaka vita vya 1998 vilipokatiza kazi. Wiki hiyohiyo wenye bunduki walimteremsha garini njia ya Walungu. Hakuonekana tena.

Vazi lake lilisimamishwa kwenye fremu ya mbao, na juu yake kofia ya sufuria yenye kioo mbele. Bibiane akasogea kunyoosha kola.

Kioo kilikuwa na ukungu. Kwa ndani.

Ukungu ukafifia. Ukarudi. Ukafifia.

"Bibi," sauti ilinong'ona, "unifungulie. Pumuzi inaisha."

Venant peke yake ndiye aliyelifupisha jina lake hivyo.

Akaishika zipu ya mgongoni. Haikusogea. Akaivuta kwa meno. Kitambaa kilikuwa na joto, joto la mgongo wa mtu.

"Niko hapa, Venant. Ngoja kidogo. Ngoja."

Mlinzi wa ukumbi, muzee Adalbert, akaja mbio. "Maman, iko nini?"

"Lete makasi! Mutu iko ndani!"

Adalbert akagusa kifua cha vazi. Kikainuka chini ya kiganja chake. Akapiga ishara ya msalaba, akakimbilia kwa masista kutafuta makasi.

Bibiane akabaki amelikumbatia vazi. Pumzi zikaanza kuachana. Moja. Akangoja. Nyingine, ndefu.

Akangoja.

Kioo kikawa safi, bila ukungu.

Ndipo zipu ikashuka yenyewe, taratibu, mpaka chini. Ndani hamkuwa na mtu. Mbao tu.

Adalbert aliporudi na makasi, alimkuta ameketi sakafuni, kofia mapajani. Ndani yake zilinata nywele ndefu, zimelowa jasho, nyeupe zote.

Venant alichukuliwa miaka mitatu tu kabla, akiwa na miaka ishirini na sita.