Majani Aliyopanda Mwadi

Treni ilipoingia Kamina, gare ikavurugika kama kuku waliomwagiwa mahindi. Mwadi, kikwembe cha kijani kiunoni, penseli imechomekwa nywelini, alikuwa anashusha magunia ya majani mabichi. Kijana mmoja mwenye ovaroli iliyotapakaa rangi akasimama.

"Maman, hii mboga inapikwa na samaki gani?"

"Haiko mboga! Njo ya bustani ya jengo mupya ya université. Minyi njo nilichora."

"Weye? Na minyi Kisimba njo napaka rangi kuta zake! Leta gunia, chérie, kikwembe kisichafuke."

"Chérie ya nani?"

Mwadi alicheka, basi moyo wake ukawa umekwisha kutekwa. Majani yaliposhika bustanini, simu zao zilikuwa hazipoi.

Hii ilikuwa bustani ya kwanza yenye jina la Mwadi. Kabla ya ufunguzi, mikutano ikambana, akapiga simu.

"Mon cœur, pita ku jengo, unitolee majani mbele ya mulango."

"Kwa weye? Nitatoa mpaka mizizi!"

Akatoa kweli. Mwadi alipofika, udongo ulikuwa mwekundu, mtupu, una mistari ya fagio. Ni miti yake michanga tu iliyobaki. Kisimba alisimama katikati, jasho na tabasamu.

"Ona! Nyoka akipita hapa, atasikia haya, hana pa kujificha."

"Majani yangu iko wapi?"

"Si ulisema nitoe?"

"Yale mabaya! Haya nilipanda!"

"Aba! Majani, bantu banapanda?"

"Ondoka, Kisimba. Usinipigie tena."

Akaketi kwenye ngazi, machozi tele. Mama mmoja mwenye beseni la unga kichwani akasimama, akatazama, akavua kandambili.

"Sasa inafanana lupango ya kwetu," alisema. "Bageni bakuye, bakaribie."

Mwadi akafuta macho. Lupango! Kila asubuhi mama yake aliufagia uwanja wao hivyo hivyo. Akachomoa penseli, akachora mistari ya fagio kuzunguka miti, kisha akatoa simu.

"Ulisema nisipige," Kisimba akanong'ona.

"Njo maana napiga minyi. Kuya na fagio."

Siku ya ufunguzi, mistari ya fagio ilizunguka kila mti kama mawimbi. Watu walivua viatu wenyewe, bila kuambiwa.

"Nani alichora hii?"

"Minyi," Mwadi akajibu, shingo juu. "Huyu njo alikosea."

Kisimba akamsogelea. "Na lupango yetu, ya minyi na weye? Nitafagia."

"Unaniposa ama unatafuta kazi?"

"Yote mbili."

"Basi enda kwa baba. Lakini ukifika kwetu, majani usiguse!"